Ifuate pakiti kabla ya kugusa kanuni za ukuta wa moto

Huduma inapokataa kufunguka na ukuta wa moto (firewall, kichujio cha mawasiliano ya mtandao) upo katikati, wasimamizi wengi wa mitandao hukimbilia orodha ya kanuni, huongeza kanuni ya kuruhusu juu kabisa, hujaribu tena, na isipofanya kazi huongeza nyingine. Mimi nimefanya kazi kwa miaka kadhaa na seva za Linux zinazotumika kama ruta (kifaa cha kuelekeza mawasiliano kati ya mitandao) na ukuta wa moto kwa pamoja, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni kuiacha orodha hiyo kama ilivyo mpaka aweze kueleza pakiti (kipande cha data kinachosafiri mtandaoni) inaingilia wapi, inatokea wapi, na jibu lake linarudi kwa njia ipi. Maana ya kanuni hutegemea mahali pakiti ilipo inapokutana nayo, na anwani ambazo pakiti imebeba wakati huo. Asiyeyajua mambo hayo mawili anaweza kuandika kanuni isiyo na kosa lolote la uandishi, lakini akaiweka mahali ambapo pakiti anayoitafuta haitapita kamwe.

Safari huanzia kwa mtumaji. Kompyuta yenye anwani 192.168.10.35/24 (/24 ina maana kwamba biti 24 za kwanza ndizo zinazotambulisha mtandao) inapotaka kuwasiliana na 192.168.10.20, hutambua kwamba anwani hiyo imo ndani ya mtandao wake, huuliza kwa ARP, itifaki ya kutafuta kifaa chenye anwani fulani ndani ya mtandao, ni nani anayeimiliki, kisha humpelekea pakiti moja kwa moja. Ikitaka kuwasiliana na 198.51.100.7, ambayo iko nje, huuliza anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao) ya lango lake, yaani ruta ya kutokea nje, na kulikabidhi lango pakiti hiyo. Tofauti hii ndogo ndiyo inayoeleza kwa nini mashine mbili zilizo katika mtandao mdogo mmoja haziwezi kuzuiwa na ukuta wa moto ambao ni lango lao: mazungumzo yao hayafiki hapo. Nimeombwa mara nyingi kuandika kanuni za kuwazuia watumiaji wasiifikie seva iliyo katika mtandao wao wenyewe, na jibu limekuwa lile lile kila mara, kwamba seva ihamishiwe kwanza kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa kwa usanidi wa swichi) yenye mtandao mdogo wake, ili pakiti ilazimike kupita mahali penye ulinzi.

Pakiti inapotoka ruta moja kwenda nyingine, anwani za MAC hubadilika kila hatua, ilhali anwani za IP za mtumaji na mpokeaji hubaki zile zile, isipokuwa pale ambapo kuna kifaa kinachozibadilisha kwa makusudi. Namba ya TTL, inayohesabu hatua ambazo pakiti imebakiwa nazo, nayo hupunguzwa kwa moja kila ruta inapoipitisha pakiti. Kwa kawaida Linux huanza na 64 na Windows huanza na 128, kwa hiyo pakiti inayofika ikiwa na TTL ya 61 karibu kwa hakika imepita ruta tatu. Huu ni ushahidi mdogo, lakini umenisaidia kugundua jibu lililotoka kwa mashine tofauti kabisa na ile niliyodhani inajibu.

Sasa tuingie ndani ya ukuta wenyewe. Katika Linux, kazi ya kuchuja pakiti hufanywa na Netfilter, na iptables pamoja na nftables ni zana za kuiandikia kanuni. Netfilter ina vituo vitano ambavyo pakiti za IP hupitia. Kila pakiti inayoingia kwenye mashine kutoka nje hupita kwanza PREROUTING. Baada ya hapo kiini cha mfumo (kernel) hulitazama jedwali la njia na kuamua: je, pakiti hii ni ya mashine hii, au ni ya kupitishwa? Ikiwa ni ya mashine hii, inakwenda INPUT na kuishia kwenye programu inayoisubiri. Ikiwa ni ya kupitishwa, inakwenda FORWARD, kisha POSTROUTING, kisha inatoka. Pakiti zinazozaliwa ndani ya mashine yenyewe huanzia OUTPUT na kumalizia POSTROUTING. Maelezo yote yanayofuata yanajengwa juu ya mpangilio huu, na ningependa msomaji ajizoeze kuuchora kwa mkono bila kutazama popote.

Jambo la kuzingatia hapo ni kwamba uamuzi wa njia uko kati ya PREROUTING na vituo viwili vinavyofuata. Pakiti haipiti INPUT na FORWARD kwa pamoja. Inapita kimoja tu, na kinachochagua ni jedwali la njia. Hata hivyo, bado nakutana na usanidi unaoruhusu poti (namba inayotambulisha huduma) ya 443 katika INPUT kwa ajili ya seva iliyo nyuma ya ruta, na mwenye usanidi huo anashangaa kwamba idadi ya pakiti kwenye kanuni yake haiongezeki kamwe. Huenda mkanganyiko huu una mizizi ya kihistoria. Katika ipchains, iliyotumika na Linux 2.2, pakiti ya kupitishwa ilikaguliwa katika minyororo (orodha za kanuni) yote mitatu, wa kuingia, wa kupitisha na wa kutoka. Linux 2.4 ilipotoka mwaka 2001 ikiwa na iptables, mpangilio huo uliachwa na pakiti ya kupitishwa ikabakiwa na FORWARD peke yake, na hali ni hiyo hiyo katika nftables, iliyoingia kwenye Linux 3.13 mwaka 2014. Mafunzo ya zamani hayafutiki, na mtu anaweza kujifunza leo mpangilio uliokwisha kuondolewa. Aidha, hata FORWARD iliyoandikwa vizuri haitafanya lolote ikiwa `net.ipv4.ip_forward` bado ni 0, ambayo ndiyo thamani yake ya awali.

Tuchukue mfano wenye kubadilisha anwani, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hupotea. Ukuta una anwani ya nje 203.0.113.10, na tunataka watu wa nje waifikie kupitia poti ya 443 huduma iliyo kwenye 192.168.10.20, poti ya 8443. Mteja wa nje ni 198.51.100.7. Pakiti yake ya kwanza inafika ikiwa imeandikwa kwamba inakwenda 203.0.113.10, poti 443. Katika PREROUTING, kanuni ya DNAT (ya kubadilisha anwani ya mwendako, yaani inakokwenda pakiti) inaibadilisha iende 192.168.10.20, poti 8443. Baada ya hapo tu ndipo jedwali la njia linapotazamwa, na kwa kuwa anwani mpya si ya ukuta wenyewe, pakiti inapelekwa FORWARD. Kanuni iliyo FORWARD kwa hiyo haiwezi kuiona anwani 203.0.113.10 wala poti ya 443, inaona 192.168.10.20 na poti ya 8443, huku anwani ya mtumaji ikiwa bado ni ile halisi ya 198.51.100.7. Anayeandika FORWARD iruhusu poti ya 443 anaruhusu kitu ambacho hakitafika hapo. Kwa upande wa pili, watumiaji wa ndani wanapotoka kwenda intaneti, anwani yao hubadilishwa na SNAT (ya kubadilisha anwani ya mtokako, yaani inakotoka pakiti) katika POSTROUTING, yaani baada ya FORWARD, hivyo kanuni za FORWARD huziona anwani zao za ndani kama zilivyo. Ukiweza kukumbuka kwamba anwani ya mwendako hubadilishwa kabla ya uamuzi wa njia na anwani ya mtokako hubadilishwa baada yake, hutahitaji kukariri kitu kingine kuhusu NAT, yaani ubadilishaji huu wa anwani.

Mpangilio huo huo unaeleza jambo ambalo limewashtua wengi wanaotumia Docker, programu ya kuendesha huduma ndani ya kontena zilizotengwa. Msimamizi anafunga poti zote katika INPUT, anawasha kontena lenye poti iliyotangazwa, na baadaye anagundua kwamba poti hiyo inafikika kutoka nje bila kizuizi. Ukuta haujavunjika. Docker imeweka kanuni zake za DNAT, pakiti inabadilishiwa anwani iende kwenye kontena, jedwali la njia linaipeleka FORWARD, na kanuni za INPUT hazihusiki tena. Vizuizi vya pakiti hizo vinapaswa kuwekwa kwenye mnyororo wa DOCKER-USER, ambao Docker yenyewe imeuacha kwa ajili ya kanuni za msimamizi, au poti itangazwe kwenye 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe) pekee ikiwa haikukusudiwa kutumiwa kutoka nje.

Baada ya vituo, lipo jedwali la miunganisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo moyo wa ukuta wa kisasa. Pakiti ya kwanza ya muunganisho hupewa hali ya NEW; jibu likishaonekana, pakiti zinazofuata za pande zote mbili huwa ESTABLISHED. Pakiti inayohusiana na muunganisho uliopo bila kuwa sehemu yake, kama ujumbe wa ICMP unaoripoti kosa, huwa RELATED, na isiyoeleweka inatokana na nini huwa INVALID. Kwa sababu ya jedwali hili tunaweza kuweka juu kabisa kanuni moja inayopitisha ESTABLISHED na RELATED, kisha kanuni zote zinazobaki zikashughulika na pakiti za kwanza tu. Huu ndio mtindo ninaoupendekeza bila kusita, kwa sababu huwalazimisha wasimamizi kufikiri kwa swali moja lililo wazi: ni nani anayeruhusiwa kuanzisha mazungumzo na nani?

Mtindo huo una matokeo mawili ambayo ni lazima yajulikane. La kwanza ni kwamba ukiongeza kanuni ya kuzuia chini ya ile ya ESTABLISHED, miunganisho iliyokwisha kufunguka haikatiki. Muunganisho wa TCP uliokwisha kufunguka kwa kawaida hubaki kwenye jedwali kwa sekunde 432,000, yaani siku tano, hata kama hakuna kinachopita. Anayetaka kumkata mtu mara moja anapaswa kuifuta kumbukumbu yake kwa amri ya `conntrack -D`. La pili ni kwamba kanuni za NAT hutazamwa kwa pakiti ya kwanza ya muunganisho pekee. Zinazofuata hurudia uamuzi ule ule bila kuzipitia tena kanuni. Nimewaona watu wenye ujuzi wakiacha `ping` (amri ya kujaribu kama mashine inajibu) ikiendelea kwenye dirisha moja huku wakibadilisha NAT kwenye dirisha jingine, wakahitimisha kwamba mabadiliko yao hayafanyi kazi, ilhali `ping` ile ilikuwa inaendelea kutumia uamuzi wa zamani. Jaribu kila badiliko kwa muunganisho mpya. Kwa UDP, ambayo haina salamu ya kufungua wala kufunga, jedwali hutegemea muda peke yake: sekunde 30 ikiwa jibu halijaonekana. Kwa hiyo simu za intaneti na VPN zinazokaa kimya muda mrefu huhitaji kutuma pakiti ndogo mara kwa mara ili zisisahaulike.

Jedwali lenyewe lina kikomo, `nf_conntrack_max`, na likijaa, miunganisho mipya hukataliwa huku ile ya zamani ikiendelea vizuri. Dalili yake husumbua sana, kwa sababu msimamizi ambaye tayari ameunganishwa haoni tatizo lolote wakati wengine wote wanalalamika. Kumbukumbu za mfumo huandika wazi `nf_conntrack: table full, dropping packet`, hivyo hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Kuhusu uelekezaji wenyewe, kanuni kuu ni kwamba njia iliyo mahususi zaidi ndiyo inayoshinda. Ikiwa jedwali lina njia ya 10.0.0.0/8 kupitia VPN na njia ya 10.20.0.0/16 kupitia kiolesura (mlango wa mtandao wa mashine) kingine, pakiti inayokwenda 10.20.5.9 itafuata ile ya /16, bila kujali ipi iliandikwa kwanza. Gharama ya njia, ile inayoitwa metriki, hutazamwa pale tu njia mbili zinapolingana kwa urefu. Njia ya msingi, 0.0.0.0/0, ni ya mwisho kwa sababu ndiyo isiyo mahususi kuliko zote. Badala ya kulisoma jedwali kwa macho na kukisia, iulize mashine yenyewe: `ip route get 10.20.5.9` hueleza njia itakayotumika, kiolesura na anwani ya mtumaji. Kwa pakiti ya kupitishwa, ongeza mtokako na kiolesura cha kuingilia, kama `ip route get 198.51.100.7 from 192.168.10.20 iif eth1`, kwa sababu jibu linaweza kuwa tofauti kabisa ikiwa kuna kanuni za `ip rule` zinazochagua jedwali kwa kutazama mtokako au alama. Amri hii moja imeniokolea muda mwingi kuliko zana yoyote yenye michoro ya kupendeza.

Nimefika sasa kwenye jambo ninalolijali kuliko yote, yaani safari ya kurudi. Ruta haikumbuki kwamba pakiti iliingia kwa mlango fulani ili jibu litokee hapo hapo. Kila pakiti huamuliwa peke yake kwa kutazama inakokwenda, na jibu ni pakiti kama nyingine. Katika ofisi moja niliyoihudumia palikuwa na laini mbili za intaneti kutoka kwa watoa huduma wawili, na njia ya msingi ilielekea laini ya kwanza. Huduma iliyofunguliwa kwa DNAT kwenye laini ya kwanza ilifanya kazi, lakini kanuni hiyo hiyo iliponakiliwa kwa laini ya pili, hakuna aliyeweza kuunganishwa. Pakiti ziliingia kweli kupitia laini ya pili na `tcpdump`, zana ya kunasa pakiti, ilizionyesha. Namba za PREROUTING ziliongezeka, ila za FORWARD zilibaki sifuri, na kanuni za FORWARD hazikuwa na kosa lolote.

Kilichozimeza ni ukaguzi uitwao `rp_filter`, unaofanyika pamoja na uamuzi wa njia. Ukiwa na thamani ya 1, kiini hujiuliza: kama ningetaka kumjibu mtumaji huyu, ningetumia kiolesura hiki alichoingilia? Jibu likiwa hapana, pakiti hutupwa kimya kimya. Kwa kuwa njia ya kwenda kwa wageni wote wa intaneti ilikuwa laini ya kwanza, kila aliyeingia kwa laini ya pili alionekana mdanganyifu. Ukaguzi huu una sababu nzuri, maana huzuia pakiti zenye anwani za kughushi, na sishauri uzimwe ovyo. Thamani ya 2 hulegeza sharti kwa kukubali mtumaji yeyote anayefikika kupitia kiolesura chochote. Zingatia kwamba thamani inayotumika ni ile kubwa kati ya ile ya `all` na ile ya kiolesura husika. Ukiwasha `log_martians`, pakiti zinazotupwa kwa sababu hii zitaandikwa kwenye kumbukumbu, na utajua kwa hakika badala ya kubuni.

Kulegeza ukaguzi huo peke yake kusingetosha. Pakiti zingeifikia seva, seva ingejibu, na jibu lingefuata njia ya msingi kutokea laini ya kwanza likiwa na anwani ya mtokako ya laini ya pili. Watoa huduma wengi hutupa pakiti za wateja zenye anwani wasizozitoa wao, jambo ambalo RFC 2827 ya mwaka 2000, waraka wa mwongozo wa intaneti, inalipendekeza, na wana haki ya kufanya hivyo. Suluhisho kamili lilikuwa kuuwekea alama muunganisho wowote unaoanzia laini ya pili, kuirudisha alama hiyo kwenye pakiti za majibu zinapoingia PREROUTING kutoka ndani, na kuandika `ip rule` inayozipeleka pakiti zenye alama hiyo kwenye jedwali la njia ambalo njia yake ya msingi ni laini ya pili. Hatua hizo tatu zikiwa pamoja, jibu hutokea mlango lilikoingilia swali. Ikikosekana mojawapo, unabaki na hali inayofanya kazi nusu, na hiyo ni mbaya kuliko isiyofanya kazi kabisa.

Tatizo lile lile huonekana kwa sura nyingine pale penye kuta mbili za moto zinazofanya kazi sambamba bila kushirikiana jedwali la miunganisho. Ombi la kufungua TCP linapita ukuta mmoja, jibu lake linarudi kwa mwingine, na huu wa pili, ambao haukuliona ombi, hauna kumbukumbu ya muunganisho wowote na unalikataa jibu. Huonekana pia ndani ya ofisi ndogo kabisa, mtumiaji wa ndani anapojaribu kuifikia seva ya ndani kwa kutumia anwani yake ya nje. Ukuta unabadilisha mwendako kuwa 192.168.10.20, pakiti inafika, lakini seva inaona kwamba aliyeuliza ni jirani yake wa 192.168.10.35, na inamjibu moja kwa moja bila kupitia ukuta. Mtumiaji aliyeuliza 203.0.113.10 anapokea jibu kutoka 192.168.10.20, ambayo hakuiuliza chochote, na anaukata muunganisho. Unaweza kubadilisha pia mtokako wa pakiti hizo ili jibu lilazimike kurudi kwenye ukuta, ila ukifanya hivyo seva itawaona watumiaji wote wa ndani kama mtu mmoja. Mimi huchagua DNS (huduma ya kutafsiri majina kuwa anwani) ya ndani inayotoa anwani ya ndani, kwa sababu huondoa safari isiyo ya lazima badala ya kuirekebisha.

Lipo kosa jingine linalotokana na nia njema, nalo ni kuzuia ICMP yote kwa kudhani kwamba ni `ping` tu. Ukubwa wa juu wa pakiti moja kwenye Ethernet kwa kawaida ni baiti 1500. Laini zinazotumia PPPoE, njia mojawapo ya watoa huduma kuwaunganisha wateja, hupoteza baiti 8 na kubaki na 1492, na VPN hupunguza zaidi. Ruta inayopokea pakiti kubwa kupita kiasi, yenye agizo la kutogawanywa, huitupa na kumtumia mtumaji ujumbe wa ICMP wa aina ya 3, msimbo wa 4, ukimweleza ukubwa unaokubalika. Ukiuzuia ujumbe huo, mtumaji ataendelea kutuma pakiti zile zile kubwa na hatapata jibu lolote. Dalili zake ni za pekee: muunganisho unafunguka, kwa kuwa pakiti za salamu ni ndogo, kisha kila kitu kinaganda mara data nyingi inapoanza kupita. SSH (ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali) inakubali nywila, halafu inakwama unapoorodhesha saraka kubwa. Nikisikia maneno “inaunganisha lakini haipakii”, hufikiria jambo hili kabla ya jingine lolote. Ruhusu ujumbe huo, jambo ambalo kanuni ya RELATED hufanya yenyewe kwa pakiti zinazopitishwa, na pale ambapo njia iko nje ya mamlaka yako, punguza ukubwa wa vipande vya TCP kwa `--clamp-mss-to-pmtu` katika FORWARD.

Katika IPv6, toleo jipya la itifaki ya intaneti, suala hili ni zito zaidi, kwa kuwa ruta za njiani hazigawanyi pakiti hata kidogo, na ugunduzi wa majirani unaochukua nafasi ya ARP unafanywa na ICMPv6 yenyewe. Anayezuia ICMPv6 yote anaukata mtandao wake kwa mkono wake. Kumbuka vilevile kwamba kanuni za `iptables` haziigusi IPv6. Unahitaji `ip6tables`, au jedwali la aina ya `inet` katika nftables linaloshika zote mbili. Nimekagua seva zilizofungwa kwa uangalifu mkubwa upande wa IPv4 huku upande wa IPv6 ukiwa wazi kabisa, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna aliyeutazama.

Ninapotafuta tatizo, huanza na `tcpdump` kwenye violesura viwili kwa wakati mmoja, cha kuingilia na cha kutokea. Ni muhimu kujua mahali inapotazamia: pakiti zinazoingia huziona kabla Netfilter haijazigusa, na zinazotoka huziona baada ya Netfilter kumaliza kazi yake. Kwa hiyo pakiti ikionekana kwenye kiolesura cha kuingilia, hilo halimaanishi kwamba imeruhusiwa, bali kwamba imefika tu. Ikionekana upande wa kuingia na isionekane upande wa kutoka, imepotelea ndani, ama kwa kanuni, ama kwa uamuzi wa njia, ama kwa `rp_filter`. Ikionekana pande zote mbili na jibu lisionekane, uache ukuta na uende kwenye seva. Mara nyingi utakuta lango lake limeandikwa vibaya, au ukuta wake wa ndani unazuia. Pale panapobaki shaka, nftables ina `nft monitor trace`, ambayo huonyesha kila kanuni iliyoguswa na pakiti uliyoiwekea `meta nftrace set 1`. Chuja kwa anwani ya mjaribu mmoja tu, la sivyo utafunikwa na maandishi. Namna muunganisho unavyoshindwa nayo husema kitu: ukikataliwa papo hapo, kuna aliyeipokea pakiti na kuijibu, iwe ni seva isiyo na programu kwenye poti hiyo au ukuta unaotumia REJECT, ukisubiri mpaka muda kuisha, basi kuna DROP, yaani kutupa pakiti bila kujibu, mahali fulani au njia imekatika. Ndani ya mtandao ninaousimamia, hupendelea REJECT, kwa sababu humwambia mtumiaji ukweli mara moja, na DROP huibakiza upande wa intaneti.

Ukishajua ni kituo gani na anwani zipi, badilisha kanuni kwa namna isiyoweza kukufungia nje. Ziandike kwenye faili, zikague kwa `nft -c -f`, kisha zipakie kwa `nft -f`, ambayo huziingiza zote kwa pamoja au huzikataa zote, hivyo hakuna kipindi ambacho ukuta una nusu ya kanuni. Kwa iptables, `iptables-apply` hurudisha kanuni za zamani usipothibitisha ndani ya muda uliowekwa. Na usithibitishe kwa kutazama kama dirisha lako la SSH bado liko hai, kwa sababu muunganisho huo ni ESTABLISHED na ungeendelea hata kama umejifungia mlango; fungua dirisha jipya, ingia upya kutoka nje, ndipo ubonyeze kukubali.